Usizibe Tone la Boila



Juma lililopita, tulipokwisha kugawa pesa za likelemba, mama mmoja wa Lubuye alibaki nyuma akanivuta mkono. Wamehamia nyumba ya zamani yenye dushi ya ndani na boila ya umeme ukutani. "Mama," akaniambia, "boila ile inalia machozi. Kila asubuhi naikuta imelowesha ukuta na chini. Fundi amesema ataweka kizibo, kazi ya dakika tano, na bei yake ni ndogo. Nimkubalie?"

Nilimjibu: hapana, hata kama anakuwekea bure. Lakini jibu la kusimama mlangoni halitoshi, na sidhani kama ni yeye peke yake mwenye swali hilo. Ndiyo maana leo ukurasa huu ni wa boila.

Najua wengi wetu tunachemsha maji kwa sufuria juu ya mbabula, na makala yenyewe siku hizi tunanunua kwa kuhesabu. Lakini boila zipo Kalemie: katika nyumba zilizojengwa wakati mji huu ukiitwa Albertville, kwa masista, hotelini, katika nyumba wanazopanga watu wa mashirika. Na anayeshinda chini ya boila hizo ni nani? Ni mama anayefua, ni binti yetu anayefanya kazi za nyumbani, ni mtoto anayeoshwa kabla ya kwenda shule. Mwenye nyumba anaoga dakika kumi na kuondoka. Basi hata kama kwako hakuna boila, soma, maana huenda iko pale unapofanya kazi.

Tuanze na sufuria ya maharagwe, maana kila mama ni mwalimu wa jambo hilo. Maharagwe yakichemka, kifuniko kinaanza kucheza. Mvuke unakisukuma, unatoka pembeni, kinatua, kinainuka tena. Hakuna kati yetu atakayechukua waya akafunga kifuniko kile kwa nguvu ili kiache kelele. Tunajua bila kufundishwa kwamba mvuke lazima uwe na mlango.

Boila ni sufuria ambayo kifuniko chake kimeunganishwa kwa moto wa kuchomelea. Chini yake kuna tiyo inayoleta maji baridi, na maji hayo yanasukuma saa zote. Kuna pia tiyo nyingine ya kupeleka maji ya moto kwenye robine. Usiku robine zote zimefungwa, na ndani umeme unapasha. Sasa maji yakipashwa yanakua. Boila ya lita 100, maji yakitoka joto la digrii 25 kufika 65, yanaongezeka zaidi ya lita moja na nusu. Na maji hayashindiliwi kama matambara kwenye gunia, ukiyabana hayakubali. Ile lita moja na nusu itakwenda wapi?

Inatokea kwenye vali ya usalama. Ndiyo kile kidude cha shaba au chuma chenye kifundo cha kuzungusha, kinachokaa chini ya boila mahali maji baridi yanapoingilia. Kazi yake ni kukaa kimefunga mpaka msukumo wa ndani ufike kipimo chake, kisha kufungua kidogo na kuachia maji kidogo. Kwenye boila nyingi za aina tunayoijua hapa, kipimo hicho ni bar 7, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kidude chenyewe. Tone la mama wa Lubuye ndilo hilo. Boila yake hailii, inapumua.

Bar 7 ni kitu gani? Ni kama kilo 7 zinazosukuma kila mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Utasema kilo 7 si kitu, mtoto wa darasa la kwanza anazibeba. Lakini hesabu kucha ngapi zinaenea kwenye tako la boila lenye upana wa sentimita 40. Ukijumlisha yote, tako hilo linasukumwa kwa uzito wa karibu tani 9, sawa na magunia 180 ya simenti. Boila nzuri imetengenezwa kuvumilia hayo. Haikutengenezwa kuvumilia mara mbili au mara tatu yake, kutu ikiwa imekwisha kula chuma kwa miaka.

Hapo ndipo kizibo cha dakika tano kinapokuwa cha hatari. Siku za kwanza huenda hutaona kitu. Ukuta umekauka, mama anafurahi, fundi amekula pesa yake. Lakini ndani kuna mlinzi mwingine, termosta, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililopangwa. Termosta ni kitu kidogo chenye vyuma viwili vinavyogusana na kuachana, na mji wetu mnaujua: umeme wa Bendera unaondoka, unarudi, unaondoka tena, na ukirudi wakati mwingine unarudi kwa nguvu. Vyuma vile vinatoa cheche kila mara, na siku moja vinaweza kushikana visiachane tena. Kuanzia hapo boila inapasha bila kujua kuacha. Vali ikiwa wazi, itamwaga na kumwaga, utaona mafuriko na utajua kuna shida. Vali ikiwa imezibwa, hakuna atakayejua.

Maji yaliyobanwa namna hiyo hayachemki kwa digrii 100 kama ya sufuria. Kwa bar 7 yanaweza kupita digrii 160 yakiwa bado maji. Chuma kikipasuka, msukumo unaondoka ghafula, na sehemu ya maji yale inageuka mvuke kwa mara moja. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote inataka nafasi ya karibu lita 1,700. Nyumba yenu ya kuogea haina nafasi hiyo. Ndiyo maana boila iliyopasuka haivuji tu. Inavunja ukuta na kutoka na paa.

Kuna watakaosema natisha watu kwa hadithi. Tarehe 19 Januari 1982, katika mji wa Spencer, jimbo la Oklahoma kule Marekani, boila kubwa ya shule ya msingi iliyoitwa Star ilipasuka. Ile ilikuwa ya gesi, si ya umeme, lakini sheria ya maji ni ile ile. Vifaa vilivyopaswa kuizuia isipite kiasi havikufanya kazi. Ilikuwa saa ya chakula. Ukuta uliotenganisha jiko na chumba walimokula watoto ukaangukia ndani. Watoto sita na mwalimu mmoja walikufa. Hiyo ni nchi yenye mafundi wa kila aina. Na Waingereza, ambao si watu wa kuogopa ovyo, mpaka miaka ya 1980 walikuwa bado wanataka maji ya moto ya nyumbani yatoke kwenye mfumo wenye tanki wazi darini, ili maji yanapokua yapande juu yapate pa kupumulia. Walipokubali boila iliyofungwa kabisa, waliikubali kwa masharti ya vifaa vya usalama na mafundi waliosomea kazi hiyo.

Mimi mwenyewe nimeiona karibu. Zamani kidogo nilifanya kazi katika nyumba moja hapa mjini, nyumba nisiyoitaja. Aliyekuwa akiitunza alichoshwa na tone, akasokota kizibo kwenye mdomo wa vali. Miezi ikapita. Asubuhi moja naingia na nguo za kufua, nasikia boila inanguruma, sauti kama ya maharagwe yanayochemka ndani ya ukuta. Nikafungua robine ya maji ya moto kidogo tu, ikatema mvuke, ikakohoa, ikatema tena. Nilifunga kwa hofu. Sikuwa najua haya ninayowaandikia leo. Nilichojua ni kwamba maji hayakupaswa kuwa hivyo. Nilikimbilia disjonteri nikashusha umeme wa nyumba nzima, nikachukua mtoto wa yule bibi aliyekuwa sebuleni, tukakaa chini ya mwembe mpaka mchana. Bibi aliporudi alinigombeza kwanza kwa sababu nguo hazikufuliwa. Fundi mwingine alipokuja kuifungua jioni, alitazama kizibo, akanitazama mimi, akatikisa kichwa bila kusema neno.

Baadaye nilijifunza kwamba niliyoyafanya kwa hofu yalikuwa sawa, isipokuwa moja: nisingeigusa ile robine. Kwa hiyo, ukisikia boila inanguruma kwa nguvu, au robine ya moto inatema mvuke, kata umeme kwenye disjonteri, si kwa kugusa boila. Toa watu, watoto kwanza, na usimruhusu yeyote kukaa upande wa pili wa ukuta ule pia. Usifunge maji baridi yanayoingia, usimwage maji baridi juu yake, usijaribu kuchezea vali. Iache ipoe yenyewe kwa saa nyingi, kisha ndipo fundi aingie. Nguo zitafuliwa kesho.

Sasa mama wa Lubuye afanye nini na ukuta wake uliolowa? Kitu rahisi sana. Vali ile ina mdomo chini yake. Fundi aunganishe hapo tiyo inayoteremka moja kwa moja mpaka mahali pa kumwagia maji, bila kupanda juu njiani, bila robine, na mwisho wake ubaki wazi mahali unapoonekana. Ukikosa tiyo, weka beseni chini. Utapata lita moja au zaidi ya maji kila boila inapopasha, yanafaa kuoshea vyombo. Lakini tiyo ile isimwagie pale mtoto anaposimama kuoga, maana siku ya shida yatatoka maji ya kuunguza.

Jifunze pia kusoma tone lenyewe. Likitoka wakati boila inapasha, kisha likaacha, ni afya. Likitoka mchana na usiku, hata umeme ukiwa umekatwa, basi ama vali ina uchafu ama maji ya mtaa yanasukuma kupita kiasi. Mwite fundi aisafishe au aibadilishe. Na ikiwa tangu uhamie hujawahi kuona hata tone moja, na beseni daima ni kavu, mimi hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Huenda vali imeshikwa na chokaa na mchanga, haiwezi kufunguka tena. Mara moja kwa mwezi zungusha kile kifundo taratibu, maji yatoke kidogo, kisha kirudishe. Ni sawa na bawaba ya mlango: usipoufungua mwaka mzima, siku unayouhitaji hautafunguka. Simama pembeni unapofanya hivyo, na ufanye asubuhi boila ikiwa imepoa.

Fundi akija kwa kazi yoyote, muulize swali moja: kati ya vali ya usalama na boila, kuna robine ya kufunga? Isiwepo hata moja. Mtu akiifunga kwa kusahau, ni sawa na kile kizibo.

Maji nayo yanatukatikia. Yakikatika, kata umeme wa boila pia, usisubiri. Ikiwa ile klape inayozuia maji yasirudi nyuma imekwisha, boila inaweza kujimwaga taratibu kwenye tiyo za mtaa, na rezistansi ikibaki inawaka bila maji inaungua. Maji yakirudi, fungua kwanza robine ya moto, acha hewa itoke kwa kelele zake, ngoja maji yatiririke sawasawa, ndipo uwashe. Na ukisikia umeme unakuuma hata kidogo unapogusa robine au maji ya dushi, usijizoeze. Nimesikia wamama wanasema, "Ah, dushi yetu inauma kidogo tu, tunavaa sapato za plastiki." Kata umeme, tafuta fundi wa umeme aangalie waya wa kwenda ardhini.

Kuhusu ukuta, wazee wa Kalemie hawahitaji kuambiwa. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka chini ya ziwa letu, kipimo cha 6.8, na nyumba za mji huu zilianguka, watu wakafa. Boila ya lita 100 iliyojaa ina zaidi ya kilo 100, ni kama mwanamume mnene aliyening'inizwa juu ya kichwa chako unapooga. Ikiwa imeshikwa kwa misumari kwenye ukuta wa matofali ya udongo, haihitaji tetemeko kubwa. Itafutieni ukuta wa matofali ya kuchoma au zege, na bolti zinazopenya, au isimame chini kwenye miguu yake. Tazama juu pia: ukiona ukuta una ufa unaoanzia kwenye bolti, au kutu inashuka kutoka kwenye boila kama machozi mekundu, hiyo si kazi ya vali tena. Chuma chenyewe kinakwisha, na hakuna gundi ya kukiponya.

Nimeongea sana juu ya kupasuka, na kupasuka ni kwa nadra. Linalotokea kila siku ni kuungua, na hapa boila na sufuria ya mbabula ni ndugu. Maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama tano; ya 70 kwa sekunde moja hivi. Ngozi ya mtoto ni laini kuliko hiyo. Boila yenyewe ni vizuri ikae karibu na 60, kwa sababu maji yaliyo vuguvugu tu siku zote yanalea vijidudu. Basi usipunguze kwenye boila, punguza kwenye beseni. Anza na maji baridi, ndipo uongeze ya moto, kamwe si kinyume, maana mtoto hangoji umalize kuchanganya. Jaribu kwa kiwiko chako, si kwa vidole. Vidole vya mama aliyegeuza ugali miaka ishirini havisikii moto tena.

Akiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ni muda mrefu, mtoto atalia, na wewe utataka kuacha. Usiache, ila mwili uliobaki mfunike asipate baridi. Kama hakuna robine, mmwagie kwa kikombe, polepole, tena na tena. Vua nguo iliyolowa, lakini iliyoganda kwenye ngozi iache. Toa haraka bangili, shanga na kamba ya kiunoni kabla mwili haujavimba. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, asali, unga, yai, vyote viache jikoni. Funika kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali.

Mama wa Lubuye amekubali tufanye hivi: Alhamisi ijayo, kabla ya mkutano, wanne kati yetu tutakwenda kwake kuangalia boila hiyo pamoja na fundi tuliyemwamini, na gharama ya tiyo ya kuteremshia maji itatoka kwenye mfuko wa chama, atalipa kidogo kidogo. Mwenye boila nyumbani au kazini aje kuona jinsi kifundo kinavyozungushwa. Nitakuja pia na vali moja iliyokufa kwa chokaa, niliyopewa na fundi, muishike mkononi na kujaribu kuizungusha.